Wazazi Wakiachana, Mtoto Hajaachana na Mtu

 Wale mliokusanyika katika vikundi, kiongozi wa kikundi na ahakikishe kwamba kila mtu anasikia vizuri. Mwenye kalamu na daftari aviweke karibu, maana mwishoni kuna maswali ya kujibu kwa pamoja.

Leo hatutazungumza juu ya kilimo wala juu ya maji safi. Twataka kuzungumza juu ya jambo ambalo watu wengi hulisema kwa sauti ndogo, yaani watoto ambao baba na mama yao wameachana. Hatutauliza nani alikosa. Jambo hilo lina wazee wake na mabaraza yake. Sisi twauliza swali moja tu: mume na mke wakiisha kuachana, mtoto alelewe vipi?

Tuchukue mfano. Tuseme yuko mtoto wa kiume mwenye umri wa miaka tisa. Baba yake ana kibanja upande wa Muleba. Mama yake amerudi kwa wazazi wake katika kata ya Izimbya, wilaya ya Bukoba. Mtoto huyu ni wa mfano tu, lakini huenda mkamwona kuwa anafanana na mtoto wa jirani yenu. Siku mama alipoondoka alimchukua. Baba akasema, "Mtoto huyo ni wa ukoo wangu, mimi nilitoa mahari." Mama akasema, "Mimi ndiye niliyemzaa. Humwoni mpaka ulete fedha za chakula." Baba akajibu, "Sileti hata senti moja mpaka nimwone." Basi, kila mmoja amefunga mlango wake, na mtoto amebaki nje.

Mila ilisemaje?

Kwanza tuitazame mila, maana si vizuri kuipita kama kwamba hatukuiona. Kwa Wahaya, kama kwa makabila mengi yanayofuata ukoo wa baba, mtoto aliyezaliwa katika ndoa ya mahari alihesabiwa kuwa wa ukoo wa baba. Mama akirudi kwao na mtoto anayenyonya, alikaa naye mpaka aache ziwa na kupata nguvu kidogo, kisha mtoto alirudishwa kwa baba. Mila za Wahaya ziliandikwa na Hans Cory na M. M. Hartnoll katika kitabu kilichotolewa London mwaka 1945. Tena mwaka 1963 Serikali ya Tanganyika ilitangaza sheria za mila zilizosawazishwa kwa makabila ya namna hiyo, na humo pia mtoto wa ndoa alikuwa wa upande wa baba.

Mila hiyo ilikuwa na sababu yake. Kibanja hurithiwa katika ukoo. Babu hupanda migomba na mibuni, baba huitunza, mwana huivuna, na makaburi ya wazee yamo humo humo. Mtoto aliyekulia kwa wajomba, akirudi na miaka ishirini, hajui mpaka wa kibanja unapita wapi, na shangazi zake hawaijui sura yake. Mila ilitaka kumkinga na upweke huo.

Lakini mila ilikuwa na upungufu pia. Iliuliza, "Mtoto ni wa nani?" Haikuuliza sana, "Mtoto atakaa vizuri wapi?" Mtoto mdogo aliweza kuondolewa mikononi mwa mama yake na kupelekwa kwa watu asiowazoea, wala hapakuwa na mtu aliyehesabiwa kuwa amekosa. Mama akabaki kumwona mwanawe sokoni, kwa mbali.

Sheria ilibadili swali

Mwaka 1971 Bunge lilitunga Sheria ya Ndoa, na sheria hiyo ikabadili lile swali. Inasema kwamba hakimu akiamua mtoto akae na nani, jambo la kwanza na kubwa kuliko yote ni manufaa ya mtoto mwenyewe. Kisha hakimu atasikia matakwa ya wazazi, na matakwa ya mtoto kama amefikia umri wa kutoa maoni yake mwenyewe, na atazitazama desturi za watu wale. Mnaona, desturi haikutupwa. Imepewa kiti, ila si kile cha mbele.

Sheria hiyo yasema tena kwamba mtoto wa chini ya miaka 7 ni vyema akae na mama yake. Lakini hiyo si amri isiyovunjika. Ikionekana kwamba kwa mama hatakuwa salama, hakimu aweza kuamua vingine. Tena hakimu anaonywa asimhamishe mtoto ovyo, maana kuhamahama humsumbua.

Mwaka 2009 ikaja Sheria ya Mtoto. Kwa sheria hii mtoto ni mtu yeyote aliye chini ya umri wa miaka 18. Wazazi wakitengana, mtoto ana haki tatu, nanyi mziandike. Haki ya kwanza ni kuendelea kupata matunzo na elimu ya namna ile ile aliyokuwa akiipata kabla wazazi hawajatengana. Ya pili ni kukaa na mzazi ambaye mahakama inaona aweza kumlea vizuri zaidi. Ya tatu ni kumtembelea mzazi mwingine na kukaa kwake kila atakapo, maadamu jambo hilo haliharibu masomo yake. Na kama watoto ni wengi, sheria yataka mahakama ikumbuke kwamba ni vyema ndugu wakae pamoja.

Angalieni sana maneno haya: hizi zote ni haki za mtoto. Baba anaposema, "Nina haki ya kumwona mwanangu," amesema nusu tu ya jambo. Mwana ndiye mwenye haki ya kumwona baba yake. Mama anayefunga mlango hajamnyima yule mume aliyemkosea tu, bali amemnyima mtoto kitu chake. Vivyo hivyo baba anayezuia fedha hajamkomoa mke aliyemwacha. Amezuia kalamu na kikombe cha uji.

Kwa hiyo wazazi wa mfano wetu wote wawili wamekosea. Matunzo si kiingilio cha kumwona mtoto, na kumwona mtoto si zawadi ya kulipa matunzo. Baba asipoleta fedha, mama na aende kwenye baraza au mahakamani akadai, lakini mtoto asizuiwe kwenda kwa baba. Mama akimficha mtoto, baba na aende kudai, lakini chakula kisikatwe hata siku moja.

Mambo ya kufanya

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe, maana sheria haipiki wala haifui nguo.

Jambo la kwanza ni matunzo yanayolingana na pato. Mahakama ikipanga matunzo hutazama pato la wazazi wote wawili, gharama za maisha ya mahali pale, na watoto wengine wanaowategemea. Nanyi mkipatana wenyewe, fanyeni hivyo hivyo. Mkulima wa kahawa hapati mshahara kila mwisho wa mwezi. Akiahidi fedha nyingi kila mwezi, mwezi wa tatu atashindwa, na ugomvi utaanza upya. Yafaa aseme hivi: ndizi na maharage nitaleta kila mwezi, na fedha za sare, viatu na madaftari nitatoa nikilipwa kahawa yangu. Tangu mwaka 2016 shule za serikali hazitozi ada kuanzia shule ya msingi mpaka kidato cha nne, lakini mtoto haendi shule uchi wala na njaa. Mama naye, kama ana pato, sehemu yake ipo.

Jambo la pili ni siku zinazojulikana. Mtoto wa mfano wetu anasoma Izimbya. Basi siku za shule akae kwa mama, na likizo ya Juni na ya Desemba wagawane. Desemba aende Muleba, ale senene na watoto wa baba zake wadogo, aonyeshwe mpaka wa kibanja, ajue kaburi la babu yake. Hivyo mtoto anapata kile ambacho mila ilitaka kumpa, wala mama hanyang'anywi mtoto. Siku zikijulikana, mtoto hulala usingizi, kwa kuwa anajua Jumamosi atakuwa wapi.

Jambo la tatu: msimfanye mtoto tarishi. Maneno kama "Mwambie baba yako ni mtu wa ovyo" humfanya mtoto abebe mzigo usio wake. Siku hizi simu ziko karibu kila nyumba. Mama aweza kumwandikia mwenzake, "Habari za huko, Baba watoto. Shule inafungwa Ijumaa. Jumamosi asubuhi nitampakia kwenye gari, umpokee." Maneno machache ya heshima yatosha. Hamlazimiki kupendana tena, mnalazimika kupashana habari tu.

Jambo la nne: msimtukane mzazi mwenzenu mbele ya mtoto. Mtoto hujitazama akaona pua ya baba na mikono ya mama. Ukimwambia kwamba baba yake hana maana, atafikiri nusu yake haina maana. Mama wa kambo na baba wa kambo nao waambiwe mapema kwamba mtoto akija si mgeni wa kuombwa radhi wala mtumishi wa kuchota maji. Ana mahali pake pa kulala na sahani yake.

Jambo la tano ni bibi. Mara nyingi mama huenda Mwanza au Dar es Salaam kutafuta kazi, baba huoa mke mwingine, na mtoto hubaki kwa bibi. Watu wa Kagera wanajua sana malezi ya bibi. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania walitambuliwa mkoani humu mwaka 1983, na katika miaka iliyofuata akina bibi wengi waliwazika watoto wao wakaanza tena kuwalea wajukuu. Walibeba mzigo huo kwa sababu mauti iliwalazimisha. Lakini mtoto wa mfano wetu baba yake yu hai na mama yake yu hai. Ni aibu kumfanya yatima kwa ugomvi. Akikaa kwa bibi, wazazi wote wawili walete matunzo, wapige simu, waende kumwona, wahudhurie mikutano ya shule.

Pahali pa kwenda

Mkipatana, andikeni karatasi mbili mbele ya wazee wa pande zote, kila mmoja abaki na yake. Mkishindwa, nendeni kwenye Baraza la Usuluhishi wa Ndoa. Kumbukeni kwamba kwa kawaida mahakama haipokei shauri la talaka kabla baraza hilo halijajaribu kuwapatanisha. Tena yuko Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri yenu, ambaye kazi yake ni pamoja na kusaidia katika mambo ya matunzo na malezi. Yote yakishindikana, mahakama ipo. Kumchukua mtoto kwa nguvu au kwa hila kutoka kwa mtu aliyepewa na mahakama ni kosa kwa sheria.

Neno moja la kuonya. Haya yote ni kwa wazazi waliogombana lakini hawamdhuru mtoto. Ikiwa mzazi mmoja hupiga, hutisha, au humfanyia mtoto mambo machafu, usiseme "mtoto ana haki ya kwenda kwake" ukampeleka hatarini. Hapo nenda upesi kwenye Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, au kwa Afisa Ustawi wa Jamii. Iko pia simu ya kuwasaidia watoto, namba 116, ambayo hupigwa bila malipo.

Wasikilizaji wapenzi, ndoa yaweza kuvunjika, na mahari yaweza kurudishwa. Uzazi haurudishwi. Yule mtoto wa miaka tisa hakumwacha mke wala hakumwacha mume. Yeye bado ana baba Muleba na mama Izimbya, na njia iliyo kati ya nyumba hizo mbili ni yake. Kazi yenu ninyi wazazi ni kuiacha wazi.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Mila iliuliza swali gani juu ya mtoto, na sheria ya mwaka 1971 inauliza swali gani? Mila ilikuwa na faida gani ambayo twaweza kuitunza?

2. Mtoto ana haki zipi tatu wazazi wake wanapotengana?

3. Baba hana fedha mpaka msimu wa kahawa. Pangeni matunzo ya mwaka mzima ambayo aweza kuyatimiza.

4. Je, katika kijiji chenu yuko mtoto anayelelewa na bibi hali wazazi wote wawili wako hai? Bila kutaja jina, semeni wazee na majirani waweza kufanya nini.