Ubao Uliotaja Kwao

Msomaji aliyemaliza shahada ya historia ananiandikia kwamba anataka kusoma uzamili wa akiolojia ya Waselti na Wavikingi, kozi iliyopo Chuo Kikuu cha Glasgow, Scotland. Anauliza: wanaakiolojia walijuaje kuwa meli iliyozama Denmark iliundwa Ireland? Wavikingi walikuwa nani, tuviachie vitabu. Utamu uko kwenye swali hili.

Meli hiyo ni Skuldelev 2, ya kivita, urefu wa mita 30 hivi, iliyofukuliwa mwaka 1962 karibu na Roskilde, ilikozamishwa makusudi kuziba njia ya maji. Mbao zake ni za mwaloni, mti unaoongeza pete moja kila mwaka, nene mwaka wa neema, nyembamba mwaka wa shida. Mafundi walioiunda hawakutumia msumeno. Waliatua gogo bichi kwa kabari, toka kiini hadi gome, kwa hiyo ubao mmoja hubeba pete za miaka mingi, zimejipanga ukingo hadi ukingo.

Sasa mtazame msusi wa mkeka. Chane moja haimalizi ukili. Kabla haijaisha huchomeka nyingine, zikaenda pamoja kidogo, ya kwanza ikaishia, ya pili ikaendelea, na ukili ukarefuka bila kukatika. Kalenda ya miti, ndivyo ninavyopenda kuiita dendrokronolojia, husukwa hivyo hivyo kurudi nyuma. Chane ya kwanza ni mwaloni ulio hai. Pete zake za utotoni hulingana na pete za mwisho za boriti ya nyumba kuukuu. Za mwanzo za boriti hulingana na za gogo lililozikwa kinamasini. Wataalamu wa Belfast wamesuka ukili wa mialoni ya Ireland wa zaidi ya miaka 7,000.

Mvua ya Ireland si mvua ya Denmark, na pete hufuata mvua. Pete za Skuldelev 2 zililingana na za mialoni ya upande wa Dublin, na miti yake ilikatwa mnamo 1042. Pete za nje zikikosekana, mwaka hukadiriwa.

Meli ya Kivikingi, msitu wa Waairishi, ambao ni Waselti: ndiyo maana Waselti na Wavikingi husomwa pamoja. Nenda kasome, ndugu yangu, na ukipewa nafasi ya kuchagua maabara, anza na ya mbao.