Kindi Mwekundu na Ghala Lake

Kindi twamjua sote, maana hufukua mbegu shambani kabla hazijaota. Leo twapenda kuwasimulia habari za jamaa yake, kindi mwekundu wa Amerika ya Kaskazini, akaaye katika misitu ya misonobari ya Kanada na Marekani. Ni mnyama mdogo, uzito wake hupata gramu 250 hivi. Mgongo wake una rangi ya kutu, na tumbo lake ni jeupe.

Kazi yake kubwa ni kuweka akiba. Katika nchi zile theluji hufunika ardhi miezi mingi, naye halali usingizi mrefu wa majira ya baridi kama walalavyo wanyama wengine. Basi mapema hukata matunda magumu ya misonobari, ambayo mbegu zake zimefichwa kati ya magamba, akayafukia katika lundo la magamba ya zamani, mlimo na unyevu, yasipate kukauka na kufunguka. Hata uyoga huuchuma, akauanika juu ya matawi. Ghala hilo hulilinda peke yake. Mwenzake akikaribia, humpigia kelele kali, na asiposikia humfukuza. Kijana asiyepata ghala kabla ya baridi ni nadra kuuona mwaka wa pili.

Walakini mchoyo huyu ana jambo la ajabu. Wataalamu wanaomchunguza katika eneo la Yukon, nchini Kanada, tangu mwaka 1987, wameona kwamba mara nyingine mama humwachia mtoto wake makao na ghala, yeye mwenyewe akaenda kutafuta mahali pengine. Tena mwaka 2010 walieleza kwamba mara 5 walimwona mama akilea yatima. Na yatima wote hao walikuwa wa jamaa yake.

Penye nyumba za watu mambo huwa mengine. Kindi huyu hupenya tundu dogo, akaingia darini, akatafuna mbao na nyaya za umeme. Na waya uliochunwa huweza kuwasha moto. Ndipo mwenye nyumba, kwa hasira, huziba tundu upesi. Hasira hasara! Huenda mama yu nje atafuta chakula, na ndani mna wachanga wasiofumbua macho bado. Wao watakufa kwa njaa, naye mama atatafuna ukuta mahali pengine ili awafikie. Mwenye busara huangalia kwanza. Akiona watoto, hungoja wakue na kutoka, kisha huziba kwa bati au wavu wa chuma, na kukata matawi yaliyoinamia paa.

Wahenga walisema, Akiba haiozi. Kindi huyu atuongezea neno la pili: akiba njema ni ile ambayo mwenyewe aweza kumwachia mwingine. Nasi tulimao na kujaza vihenga vyetu, tujiulize jioni ya leo: mtoto wa ndugu yetu aliyefiwa, je, naye hula humo?