Mfarishi wa Khanga: Je, Kukata Ni Kuharibu?

Beltsville iko Maryland, kaskazini kidogo ya Washington, D.C., na usiku wa Januari kipimajoto huko hushuka chini ya sifuri. Wakenya, Watanzania na Waganda ni wengi katika eneo hilo, na si ajabu kukuta nyumbani kwao sanduku au rafu ya juu ya kabati iliyojaa doti za khanga: za harusi, za matanga, za zawadi alizokuja nazo shangazi, nyingine bado zimekakamaa kwa wanga wa dukani. Hazivaliwi kwa kuwa baridi imekataa, wala hazigawiwi kwa kuwa kila moja ina mtu wake. Nashikilia kwamba khanga hizo zifunguliwe, zikatwe na kushonwa mfarishi wa viraka, na kwamba anayefanya hivyo hazivunjii heshima. Anazirudisha zilikotoka.

Kwanza tuujue mfarishi wenyewe, maana wengi hudhani ni blanketi lililorembwa. Ni tabaka tatu: juu vipande vilivyoungwa, katikati pamba, chini bitana, kisha mishono inayopenya zote tatu ili pamba isiteleze na kujikusanya pembeni. Tumezoea kusema nguo fulani ina joto, lakini nguo haina joto lake. Joto ni la mlalaji, na kinacholizuia lisitoroke ni hewa iliyonaswa katikati ya nyuzi ikakosa pa kwenda. Maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa iliyotulia, ndiyo maana shuka mbichi humtetemesha mtu na shuka hiyo hiyo ikikauka humfaa. Hapa niseme kweli: viraka havileti joto la ziada. Kazi hiyo ni ya pamba na hewa yake. Sifa ya viraka ni nyingine. Kitambaa kizima kikichanika, mpasuko hukimbia; cha viraka, mpasuko hufika kwenye mshono, penye kitambaa kilichokunjwa na kurudufiwa, na mara nyingi ukaishia hapo. Kipande kilichochakaa hufunikwa kwa kingine, na mfarishi ukaendelea kulaliwa.

Pingamizi zito kuliko yote linatoka kwa wenye khanga. Khanga, watasema, ina pindo, ina mji, ina jina, na huenda kwa doti. Ukiitia mkasi umemkata mtu maneno yake. Naliheshimu pingamizi hilo, lakini historia hailiungi mkono. Simulizi inayokubalika sana ya asili ya khanga ni kwamba katika karne ya 19 wanawake wa pwani walinunua leso za mkononi, neno lenyewe la Kireno, zilizokuja zimeshikana katika jora. Walizikata tatu tatu, wakaunga safu mbili, na leso 6 zikawa vazi moja. Wafanyabiashara walipoona zinapendwa ndipo wakaagiza nguo iliyochapwa nzima kwa kipimo hicho. Kwa hiyo mshono ulitangulia, na khanga isiyo na mshono ndiyo iliyokuja baadaye. Bibi aliyekaa barazani akiunga leso kwa sindano alikuwa anafanya kile kile anachofanya leo mtu wa Beltsville mezani kwake, tofauti ni kwamba yeye hakuhitaji pamba katikati.

Wengine watasema mfarishi wa viraka ni sanaa ya Kizungu. Hao nawapeleka Karnataka, India, kwa Wasiddi, ambao wengi wao wana asili ya Afrika Mashariki. Wanawake wao hushona mifarishi iitwayo kawandi kwa nguo kuukuu. Hawaungi kwanza sehemu ya juu kama Wamarekani. Huanzia pembezoni, wakipachika kipande baada ya kipande juu ya nguo ya chini, mshono ukizunguka kuelekea katikati, na kwenye kila pembe huweka kirundo cha vijipembe vya rangi wanachokiita ua. Kisha nawarudisha Washington kwenyewe, kwenye Makumbusho ya Taifa ya Historia ya Marekani, safari fupi kutoka Beltsville. Humo umo mfarishi wa Harriet Powers, mwanamke aliyezaliwa utumwani Georgia mwaka 1837. Mwaka huo huo balozi mdogo wa kwanza wa Marekani alifika Unguja kusimamia biashara iliyofunguliwa na mkataba wa 1833 na Seyyid Said, na bidhaa yake kubwa ikawa merikani, ile nguo nyeupe ngumu iliyoletwa na meli za Salem. Viwanda vya kaskazini vilivyoifuma vililishwa pamba iliyochumwa na watumwa wa kusini. Nguo za mababu zetu na mfarishi wa Powers, basi, vina ukoo.

Wapo watakaouliza faida, na swali lao ni la haki, kwa kuwa blanketi la dukani ni rahisi na mfarishi hula majuma. Anayehitaji joto usiku wa leo akanunue blanketi. Lakini khanga zilizoko sandukuni zimekwisha kulipiwa, na kuzikunja upya kila mwaka nako ni kupoteza. Beltsville yenyewe si mgeni wa fikra hiyo. Wizara ya Kilimo ya Marekani ina kituo cha utafiti hapo tangu 1910, na katika miaka ya 1940 idara yake ya uchumi wa nyumbani ilikuwa na maabara huko. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia idara hiyo ilitoa vijitabu vya kufundisha jinsi ya kufumua suti kuukuu ya mume na kuishona upya iwe ya mke.

Kazi yenyewe inataka subira zaidi ya kipaji. Fua khanga zote kabla ya kukata, kwa sababu pamba huvutwa ikifumwa na hujirudi inapokutana na maji. Usipotangulia kuifua, itajirudi ndani ya mfarishi na kuukunjakunja. Loweka kila rangi na kitambaa cheupe uone kama inachuja, hasa nyekundu. Inua kitambaa kwenye mwanga. Palipochoka utapaona panang'aa. Mraba wa sentimita 11.2, ukiacha milimita 6 za mshono kila upande, hubaki sentimita 10 kamili. Mshono ukizama milimita 1 tu zaidi, kila mraba hupoteza milimita 2, na safu ya miraba 15 hupungua sentimita 3, isikutane tena na safu jirani. Pembetatu hupendeza zaidi, lakini ziache kwanza: ukingo wake mrefu hukaa mshazari, hauna mtande wala mshindio wa kuushika, na huvutika mkononi kabla hujafika kwenye cherehani.

Limebaki jina la khanga, yale maneno yake, na hapa Powers ana la kutufunza. Alimkataa mnunuzi wa kwanza wa mfarishi wake mwaka 1886, kisha shida ikambana miaka michache baadaye akaja kuuuza kwa dola 5 kwa mwanamke yule yule, Jennie Smith. Siku ya kuuza alimweleza picha zote 11 za mfarishi, moja baada ya nyingine, na Smith akaandika. Kwa maandishi hayo tunajua leo kila picha ilikuwa nini. Jina la khanga nalo lisikatwe vipande: litolewe zima kama utepe, lishonwe nyuma kwenye bitana, na chini yake yatiwe kwa uzi jina la aliyeitoa ile khanga, mji alikoinunua na mwaka.