Mashini ya baba haiyakufa: mbele ya kuiuza kwa kilo, tazama kwanza butoni

Mwezi uliopita tuliitwa Likasi na mama mumoja mujane. Muzee wake alitumika miaka mingi mu usine ya shaba, na mu mwaka 1977 kampani ilimutuma Ubelgiji kujifunza kazi. Wenzake walirudi na makoti na saa za mukono. Yeye alirudi na sanduku nzito: Pioneer SX-550, radio na ampli mu mashini moja, pamoja na bafle mbili. Tangu muzee akufe, mashini haikulia tena. Fundi wa kwanza alisema transfo imeungua. Wa pili alisema inaomba vipande vya kuagiza mbali, na akataka nusu ya pesa mbele. Mutoto mukubwa, ambaye anachimba, alikuwa amekwisha kupata mununuzi wa mitraye. Ule hasikilize sauti, anapima kilo, juu ya shaba iliyozungushwa ndani ya transfo.

Mama akatuambia: "Bandugu, muangalie kwanza. Kama njo ilikufa, basi, ataibeba. Lakini roho yangu inakatala."

Tuliigeuza mbele ya kuiwasha. Mashini kama hii inasomwa mugongo kwanza, na kisha uso. Mugongoni kuna kibati kidogo chenye kuandikwa volti. Kwetu umeme ni volti 220, 50 Hz. Mashini iliyouzwa Marekani inaandikwa volti 120, 60 Hz. Ile ya Japani kwao ni volti 100. Zile zilizotengenezwa kwa kuuzwa inchi nyingi zina fasi ya kuchagua, kifishi kidogo au kitu cha kuzungusha, na namba 110, 120, 220, 240. Ya mama ilikuwa ku 220. Vizuri.

Tunasema "vizuri" na uchungu kidogo, juu sisi wenyewe tulichoma moja. Ni miaka mingi sasa. Tulinunua soko la vitu vya zamani, mashini nzuri kabisa, uso wa feza, mbao mbavuni. Tulikuwa na haraka ya kusikia. Tuliikata fishi yake ya Amerika, tukafunga ya kwetu, tukaiingiza mu prizi. Ilitoa mwanga kuliko kawaida, ikanguruma, kisha moshi. Kibati kilikuwa pale pale nyuma, volti 120, herufi kubwa. Kwa hiyo musomaji, kama kibati chako kinasema 120 au 100, usipige hata sekunde moja mu prizi ya nyumba. Inaomba transfo ya kupunguza, yenye nguvu kupita wati zile kibati kinaonyesha. Kama imeandikwa wati 150, tafuta ya 300, itatumika bila kupata moto.

Kuna jambo lingine ambalo mafundi wazuri wanalijua, na wengi hawalifanye. Mashini iliyolala miaka haiwashwi moja kwa moja. Fundi anaweka ampuli mu njia ya umeme, ile ya zamani yenye uzi ndani, wati 60 ao 100, ili umeme upite mu ampuli kwanza na kisha mu mashini. Ampuli ikiwaka sana kidogo halafu ikafifia, ni dalili nzuri. Ikiwaka sana na kubaki hivyo, ndani kuna fasi umeme unakata njia, na ampuli imeokoa transfo yako. Ampuli za LED hazifanye kazi hii. Ukimuona fundi anaiweka, mulipe na heshima. Ukimuona anazungushia waya kwa fizibli iliyokatika, beba mashini yako urudi nyumbani.

Na watoto wasifungue. Hata wakubwa. Ndani kuna vipande, kondansateri, vinachunga umeme hata kisha kuchomoa fishi, kama pipa inavyobaki na maji kisha pompe kusimama.

Ya mama iliwaka. Mwanga wa manjano ukajaa mu kioo cha namba za radio, na mama akafunika mukono kwa kinywa. Lakini sauti, hapana. Kimya kabisa, hata mulio mudogo wa upepo. Mutoto akasema: "Muko munaona? Ilikufa." Sisi tukaangalia uso.

Uso wa mashini hizi unaogopesha juu ya butoni zake nyingi, na maandishi ni ya Kiingereza. Lakini ukizijua, ni kama njia za mu mugodi: kila moja inaenda fasi yake, na ukifunga mulango mumoja, hakuna kinachopita. Butoni kubwa ya kuzungusha inachagua sauti inatoka wapi: AM, FM, PHONO, AUX. Butoni ya SPEAKERS inachagua bafle: A, B, ao zote mbili. Ikiwa mu B na bafle zako zimefungwa mu A, utangoja mupaka asubuhi. Kisha kuna butoni ndogo moja, TAPE MONITOR. Ukiifinya, mashini inaacha radio na disiki, inangoja sauti itoke mu mashini ya kasete. Kama kasete haiko, ni kimya.

Ilikuwa imefinywa.

Tuliifinya tena, ikaruka inje, na radio ikajaa nyumba. Ilikuwa habari za saa sita, mutu anasoma bei ya unga, lakini mama alilia kama vile amesikia wimbo. Labda mutoto alicheza na butoni siku za kilio, labda mutu alipangusa vumbi. Miaka yote ile, transfo "iliyoungua" ilikuwa nzima. Hatuseme mafundi wawili wale walidanganya, inawezekana hawakujua. Lakini angalia tena hesabu: nusu ya pesa mbele, na butoni moja.

Sauti ilitoka ikikwaruza, upande wa kushoto ukipotea na kurudi. Hii karibu kila mashini ya zamani inayo, na kwetu zaidi juu ya vumbi nyekundu yetu, ile inayoingia hata mu sabuni. Vumbi na kutu vinakaa mu butoni za kuzungusha. Chomoa umeme, zungusha kila butoni mara ishirini ao thelathini, toka mwisho mupaka mwisho, finya na kuachilia zile za kufinya. Mara nyingi nusu ya makwaruzo inaenda. Nusu nyingine inaomba dawa ya kupuliza ya kusafisha mawaya, na ile anaitia fundi, ndani, kidogo. Isikuwe petroli, wala mafuta ya moteri. Tumeona mashini iliyotiwa mafuta ya kupikia. Tusiseme zaidi.

Tuje ku bafle, juu pale njo mashini nyingi nzuri zinakufia. Kila bafle inaomba waya mbili, moja ya nyekundu na moja ya nyeusi. Funga nyekundu na nyekundu, nyeusi na nyeusi, mbavu zote mbili. Ukigeuza upande mumoja, bafle moja itasukuma wakati nyingine inavuta, na sauti nzito itapotea katikati ya nyumba; utafikiri bafle ni mubaya. Angalia tena nyuzi nyembamba za shaba ku ncha ya waya. Uzi mumoja tu ukigusa upande wa pili, unaweza kuunguza vipande vya mwisho vya ampli kwa nukta moja. Pindisha nyuzi vizuri mbele ya kuziingiza, mashini ikiwa imezimwa.

Kisha, namba ya omu. Nyuma ya bafle inaandikwa 8 ao 4. Hii ni kipimo cha namna bafle inazuia umeme kupita. Mukubwa wa pompe ataelewa mara moja: ukiongeza mipira ya kutoa maji, pompe inasukuma zaidi na inapata moto. Bafle mbili za 8 upande mumoja zinakuwa kama moja ya 4. Mashini nyingi za wakati ule zinaweza kubeba 4. Bafle mbili za 4 upande mumoja zinakuwa 2, na hapo mashini inakufa. Inakufa siku gani? Siku ya ndoa ao ya kilio, wakati majirani wote wanaleta bafle zao na mutoto mumoja mwenye mayele anazifunga zote pamoja. Mashini kubwa zaidi zina kinga ndani: unaziwasha, zinangoja nukta chache, unasikia "tak", kisha sauti. Zikikataa kusema "tak", zinakwambia kuna hatari. Usizilazimishe.

Na usidharau wati 20. SX-550 ina wati 20 kila upande. Kijana atacheka, ataonyesha kabafle kake ka plastiki kalikoandikwa 3000. Ile namba ya 3000 ni ya karatoni. Wati 20 za kweli zinajaza nyumba na kiwanja. Lakini usizungushe butoni ya sauti mupaka mwisho, juu ampli ikichoka inaanza kukata sauti, na sauti iliyokatwa njo inaunguza kabafle kadogo ka juu, kale ka sauti nyembamba.

Hapa tutakawia kidogo, juu hii inatugusa sisi watu wa migodi. Nyuma ya bafle kuna sumaku. Zamani, mu bafle za bei ya juu, sumaku ile ilikuwa ya Alnico: jina linatoka mu aluminium, nikeli na kobalti. Aina inayojulikana sana, Alnico 5, karibu robo ya uzito wake ni kobalti, na mule mna hata shaba kidogo. Wakati ule Zaire ilikuwa ya kwanza mu dunia kwa kutoa kobalti. Mu mwezi wa tano mwaka 1978 vita viliingia Kolwezi, kazi ya migodi ikasimama, wanunuzi wakaogopa, bei ya kobalti ikapanda mara kadhaa. Wenye kutengeneza bafle, JBL ya California ni mumoja wao, waliacha Alnico na kuingia mu sumaku za ferite, ambazo zinatoka mu kutu ya chuma na hazina kobalti. Mutu alinunua bafle Paris ao New York mu mwaka 1981, hakujua kwamba sumaku yake imebadilika juu ya risasi zilizolia Kolwezi.

Unaweza kutambua kwa macho. Ferite ni duara nyeusi, pana na bapa, kama sahani. Alnico mara nyingi ni ndogo na inafichwa mu kikopo cha chuma. Za mama zilikuwa ferite. Na mwenye kufikiri kuvunja bafle ya babu ili auze kobalti, tunamwambia sasa: ni kipande kidogo tu, na hakuna mununuzi wa madini atakayekulipa kwa kile.

Siku hizi nyimbo ziko mu simu. Nunua waya wenye fishi ndogo ya simu upande mumoja na fishi mbili, nyekundu na nyeupe, upande wa pili, uziingize mu AUX. Mashini za Ulaya kama Philips na Grundig mara nyingi zina tundu moja lenye matobo matano. Ile inaomba fishi yake. Usiingize simu mu PHONO. Platini ya disiki inatoa sauti ndogo sana, kama volti 2 ama 3 mukigawanya mara elfu moja, na PHONO inaikuza sana. Simu mu PHONO itatoa makelele yanayotoboa masikio. Platini nayo ina kawaya kembamba pembeni. Kafunge ku sikuru iliyoandikwa GND, ao utasikia mungurumo siku zote.

Radio, inaomba antena. Kwa FM, waya wa kawaida wenye umbo la T, kila mukono sentimita 75, umepigwa misumari ku ukuta, unatosha mu mugini. Kwa AM kuna fimbo nyeusi nyuma ya mashini. Ivute inje isilale ku bati.

Na umeme ukikatika, chomoa fishi. Umeme unaporudi, mara nyingi unaruka juu kabla ya kutulia. Ngoja dakika kumi. Mwenye stabilizateri, atumie, lakini kuchomoa hakulipishe kitu.

Mutoto mukubwa alikaa na sisi mupaka jioni. Alikuwa wa kwanza kujua kufunga waya za bafle vizuri, mukono wake umezoea kazi ya uangalifu. Mununuzi wa mitraye alipiga simu mara mbili; mara ya pili hakujibu.

Mbele ya kwenda tulimuonyesha mama matundu ya juu ya mashini, fasi moto inatokea, na tukamwambia isifunikwe. Alisikiliza, akaitika. Kisha akaingia mu chumba, akatoka na kitambaa cheupe cha kufuma, kile kilichokuwa juu ya mashini tangu mwaka 1977.

"Na hiki, baba? Nitakiweka wapi?"

Tulimwambia: ku bafle, mama. Ya kushoto.