Reli Ndogo Uani: Mchezo wa Mtoto au Somo la Mkulima?

Ofisi imeulizwa swali ambalo si la kawaida katika gazeti letu, nasi tumeona lafaa kujibiwa hapa ili wote wafaidike. Mzee mmoja katika wanachama wetu ana mwana afanyaye kazi Chunya, katika Mkoa wa Mbeya. Mjukuu wake huko amemwandikia kwamba ataka kujenga reli ndogo katika ua wa nyumba yao, yenye mabehewa na madaraja yake, naye amwomba babu amsaidie kwa fedha za karafuu za msimu huu. Mzee auliza: je, hii si kutupa jasho la mwaka mzima katika mchezo?

Kwanza twaseme kwamba tamaa ya reli si ngeni katika visiwa vyetu. Mwaka 1879 Sayyid Barghash bin Said alijengewa reli kutoka kasri yake ya mjini mpaka Chukwani, mwendo wa kama maili 7, na upana kati ya chuma na chuma ulikuwa futi 2 tu. Hapo mwanzo mabehewa yake yalivutwa na nyumbu, na mwaka 1881 aliagiza kichwa cha gari la moshi kutoka kwa watengenezaji wa Bagnall wa Uingereza. Alipofariki mwaka 1888 reli ile nayo ikafa, ikang'olewa. Basi reli ya kwanza ya Unguja ilikuwa ya mtu mmoja, ya kumpeleka shambani kupumzika.

Ya pili ilikuwa ya watu wote. Mwaka 1905 kampuni ya Kimarekani ilijenga reli kutoka Ngome Kongwe mpaka Bububu, nayo pia ya maili 7 hivi. Wako wasemao kwamba jina la Bububu limetokana na mlio wa gari lile. Si kweli, kwani Bibi Salme, binti Sayyid Said, alikitaja kijiji hicho katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1886, gari halijafika bado. Serikali iliinunua reli hiyo mwaka 1911, na mwaka 1922 ikaacha kuchukua abiria, maana motokaa zilikwisha kupata barabara nzuri. Baadaye ilichukua mawe tu.

Tukirudi kwa mtoto wa Chunya, yeye hana stesheni karibu. Reli ya TAZARA, iliyojengwa na Tanzania, Zambia na China tangu 1970 hata 1975, yapita Mbeya mjini, na Chunya iko upande wa kaskazini, ng'ambo ya milima. Si ajabu basi mtoto akataka kujiletea gari la moshi mlangoni. Na ng'ambo watu wazima wafanya hivyo. Mwaka 1968 kampuni ya Lehmann ya Ujerumani ilitoa gari dogo la kutembea bustanini, mvuani na juani, lenye reli za upana wa milimita 45. Kipimo chake ni 1 kwa 22.5. Zidisha 45 kwa 22.5 utapata kama mita 1, yaani upana ule ule wa reli ya zamani ya Dar es Salaam mpaka Kigoma. Mtoto afanyaye hesabu hiyo kwa mikono yake hataisahau.

Vifaa vya Ulaya ni ghali, wala hatumshauri mzee kuviagiza. Lakini reli ndogo yaweza kutengenezwa nyumbani, na haya ndiyo ya kuzingatia.

Kwanza ni ardhi. Gari la moshi halipendi kilima. Reli isipande zaidi ya sentimita 2 katika kila mita 1, na ikiwezekana iwe chini ya hapo. Mtoto na achukue mpira mwembamba wa maji unaopenyeza mwanga, aujaze maji, ainue ncha zake mbili: maji yatasimama sawasawa pande zote mbili, naye ataona wapi pa kuchimba na wapi pa kujaza. Hivyo ndivyo mafundi wetu wa nyumba wapatavyo usawa wa msingi.

Pili ni maji. Chunya hupata mvua za msimu mmoja, na zikija huja kwa nguvu. Achimbe mfereji mdogo, ajaze kokoto, kisha aweke mataruma juu yake. Kokoto hupitisha maji na kushika mataruma yasitembee. Mataruma yawe ya mti mgumu, maana mchwa hawaoni tofauti baina ya mchezo na nyumba.

Tatu ni upana. Akate kijiti kimoja cha kipimo na kukipitisha baina ya chuma mbili katika kila taruma. Pakizidi, gurudumu litaanguka ndani. Pakipungua, litapanda juu. Na mahali chuma zinapoungana aache nafasi ndogo, kwani jua hurefusha chuma, na reli isiyo na nafasi hupinda kama nyoka.

Nne ni kona. Iwe pana, isipungue mita 1 kutoka katikati ya duara mpaka kwenye reli. Hapa pana siri ambayo wengi hawaijui. Magurudumu ya gari la moshi yamekazwa katika ekseli moja na huzunguka pamoja, wala uso wake haukuchongwa bapa, bali umelala kidogo, mnene upande wa ndani na mwembamba upande wa nje. Kwenye kona gari husukumika nje, gurudumu la nje likakanyaga kwa sehemu nene na la ndani kwa sehemu nyembamba, kwa hiyo la nje huenda mbali zaidi kwa mzunguko mmoja, na gari likageuka lenyewe. Ukingo wa gurudumu ni mlinzi tu wa kuzuia ajali.

Tano ni nguvu. Aanze kwa kusukuma kwa mkono. Baadaye mota ndogo ya redio ya kaseti iliyokufa, pamoja na betri, yatosha kuvuta mabehewa mawili ya mbao.

Kwa hiyo jibu letu kwa mzee ni hili: asimnyime, wala asimpe zote. Ampe za mita 5 za kwanza, na mjukuu amletee hesabu kwa maandishi, kila msumari na bei yake. Mita 5 zikisimama sawa, ampe za mita 5 nyingine. Haba na haba hujaza kibaba, na mtoto atajifunza pamoja na ufundi kuishi ndani ya bajeti.

Sasa twageukia jambo la sisi wenyewe. Kila mkulima ajua uchungu wa mvua ya ghafla wakati karafuu zimeanikwa. Majamvi hukunjwa mbio, watoto na wachumaji wakikimbizana, na zilizolowa huchacha, hupauka, na kushuka daraja mbele ya mnunuzi. Hasara hii yatokea baada ya kazi yote kwisha, yaani mti umekwisha pandwa, mchumaji amekwisha lipwa, na makonyo yamekwisha chambuliwa.

Katika kisiwa cha Grenada, huko Karibi, wakulima wa kokoa wamekuwa wakitumia dawa ya shida hii kwa miaka mingi. Nyumba ya kukaushia huinuliwa juu ya nguzo, na chini yake hupita reli. Kokoa huanikwa katika masinia makubwa ya mbao yenye magurudumu. Jua likiwaka masinia huvutwa nje. Mvua ikitisha husukumwa chini ya nyumba, na kazi imekwisha. Hakuna cha kukunja wala cha kumwagika.

Je, twashindwa nini? Reli ya upana wa futi 2, kama ile ya Sayyid Barghash, yenye urefu wa hatua chache tu, yatosha kubeba sinia la mbao lililotandikwa jamvi. Kanuni ni zile zile za mtoto wa Chunya: usawa, kokoto, mataruma magumu, kijiti cha kipimo, na gogo la kuzuia mwishoni. Kona haihitajiki, wala mota. Wanachama wawili au watatu wenye mashamba yanayopakana waweza kuchangia banda moja la kujaribia, wakaandika magunia mangapi yameokoka mvua na gharama ilikuwa kiasi gani. Walio tayari walete majina ofisini kabla ya mchumo kuanza, nasi tutawakutanisha na seremala na mhunzi.

Katibu