Sangara wa Mawimbini

Sangara wa mawimbini, samaki wa pwani ya Pasifiki ya Marekani asiye na undugu wa karibu na sangara wa Ziwa Victoria, hatagi mayai: huzaa watoto hai. Huko California huvuliwa ufukweni, bila mashua. Maji yakijaa, mvuvi hutafuta kishimo karibu na mahali wimbi linapovunjika, maana hapo kaa wadogo wa mchangani hufukuliwa na samaki hufuata kula. Chambo bora ni kaa hao hao, hasa majike wenye mayai ya rangi ya chungwa tumboni. Chubwi hushikilia mshipi chini. Akishavuliwa, samaki huparwa magamba, hutumbuliwa, huchanjwa ubavuni, hutiwa chumvi, hupakwa unga, kisha hukaangwa mzima. Nyama yake laini huvunjika upesi. Kwa hiyo kumgeuza mara moja kunatosha.