Majeshi ya Kubuni: Kutoka Meza ya Mchezo hadi Uwanja wa Beni

Mchezo wa vita wa mezani ni ule ambao wachezaji hupambanisha majeshi ya visanamu vilivyopakwa rangi, mwendo wa kila kikosi ukipimwa kwa utepe na matokeo ya mashambulizi mara nyingi yakiamuliwa kwa dadu. H. G. Wells alichapisha kanuni za mchezo wa aina hiyo nchini Uingereza mwaka 1913, na mwaka 1983 kampuni ya Games Workshop ikatoa Warhammer, ambao majeshi yake ni ya ulimwengu wa kufikirika wenye falme, mazimwi na wachawi. Utamu wake hauishii kwenye ushindi, kwani wapenzi wa mchezo huo huwatungia askari wao historia ambayo kampuni haikuiandika, wakabuni jina la kikosi, nembo, majemadari na visasi vya kale.

Afrika Mashariki nayo ilibuni majeshi yake, tena mapema zaidi, na waliyoyabuni waliyacheza kwa miili yao wenyewe. Beni, ngoma ya gwaride iliyoanza Lamu na Mombasa katika miaka ya 1890, iliwagawa wachezaji katika vyama vilivyoshindana kwa mavazi, nyimbo na ukarimu, na katika Tanganyika vilivyovuma zaidi ni Marini na Arinoti. Mwanahistoria Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975 kuhusu ngoma hiyo, ameeleza jinsi vyama hivyo vilivyokuwa na wafalme na maofisa wa ngazi mbalimbali, vyeo vyote vikiwa vimeazimwa kutoka kwa wakoloni na kupewa maana mpya. Marini walijinasibu kuwa watu wa daraja la juu, ilhali Arinoti walihesabiwa kuwa chama cha watu wa hali ya chini. Hata hivyo, mwanachama aliyefika mji wa ugenini alipokewa na wenzake wa chama, akauguzwa alipougua na kuzikwa alipofariki. Hapo ndipo jeshi la kubuni lilipogeuka kuwa msaada wa kweli, na hiyo ndiyo sifa yake kubwa kuliko zote.

Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 ndiyo iliyoisambaza beni bara, kwa kuwa askari na wapagazi waliibeba walikokwenda. Nyanda za Juu Kusini zilikuwa njia yao: majeshi ya Kiingereza chini ya Jenerali Northey, yaliyotokea upande wa Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, yaliingia Neu Langenburg, yaani Tukuyu ya leo, mwezi Mei 1916, na Iringa tarehe 29 Agosti mwaka huohuo. Baada ya vita maofisa wa Kiingereza waliingiwa na hofu kwamba mtandao wa vyama vyenye majenerali na matawi katika miji mingi ulikuwa njama ya siri, wakauchunguza. Hofu hiyo inaonyesha jinsi utunzi huo ulivyokuwa umekamilika.

Jamaa za beni zingalipo kandokando ya Ziwa Nyasa, zikiwemo mganda na malipenga, na kwa Wanyakyusa wa Kyela mapenenga. Katika malipenga, tarumbeta ya kijeshi imebadilishwa kuwa kibuyu chenye tundu lililozibwa kwa utando wa buibui, ambao hutetema mchezaji anapoimba ndani ya kibuyu, na safu nzima ya vibuyu hivyo hutoa mngurumo wa bendi kamili bila kipande hata kimoja cha shaba.

Wapenzi wa Warhammer huandika historia za vikosi vyao hadi majina ya wabeba bendera, wakati vyeo, nembo na mashindano ya vikundi vya ngoma vya kusini yamebaki zaidi vichwani mwa wazee. Vijana wa Mbeya na Iringa wanaopenda hadithi za majeshi wana kazi inayowasubiri: wawaulize wazee hao nani alikuwa mfalme, nani kapteni, na kikundi kipi kilishindana na kipi, kisha wayaandike majibu na kuyapeleka mahali pa kuhifadhiwa, kama vile Makumbusho ya Boma mjini Iringa.